Hasira tungesameheana, dharau ndiyo imetutenganisha

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi cherehani hapa Tandika, na kwa miaka 11 nimekuwa mweka hazina wa kikoba cha kina mama 24. Tumekopeshana ada za watoto, tumezikana, tumetunzana kanga kwenye harusi. Vyama vyetu tulivijua, maana sare za kampeni za wengi wao nimezishona mwenyewe, za rangi zote, na haijawahi kuwa tatizo.

Mwishoni mwa Oktoba 2025, uchaguzi ulipogeuka vurugu, jiji likawekewa amri ya kutotoka nje na intaneti ikakatwa, kila mtu akajifungia na hofu yake. Intaneti iliporudi, mwenzetu mmoja akaandika kwenye grupu la kikoba kwamba amefiwa na mtoto wa dada yake katika siku zile. Ujumbe wa kwanza kumjibu haukuwa pole. Ulisema: "Si mliyataka wenyewe."

Aliyeandika namfahamu, na roho mbaya hana. Kibanda chake cha uwakala wa pesa za simu kilivunjwa siku ile, mikono ilikuwa bado inamtetemeka. Lakini mfiwa angeujuaje woga wake? Yeye aliona dharau tu. Leo kikoba kimegawanyika. Arobaini ilipofika, daftari la rambirambi lilikuwa mikononi mwangu. Majina ya kikoba yalikuwa tisa.

Hapo nikaikumbuka Pemba. Mwaka 1995 nilikuwa msichana mdogo Wete. Baada ya uchaguzi ule, watu wa chama hiki waliacha kuzikana na watu wa chama kile, wakaacha kununua kwenye maduka yao na kupanda gari zao. Mama alinituma sukari duka la mbali, nikilipita la jirani mlango wazi, na mwenye duka akinitazama.

Wapo wanaosema huu ni ushabiki tu, kama Simba na Yanga. Sikubaliani nao. Mume wangu ni Yanga, kaka zangu wote Simba, wanataniana mpaka usiku na chakula wanakula sinia moja. Timu ikifungwa hakuna anayehofia kukosa mkopo wa halmashauri au kuzungushwa barua ya serikali ya mtaa. Kwenye siasa mtu anaogopa kwelikweli, na mwenye hofu ukimdharau, hoja zako hazisikii tena hata ziwe nzuri vipi. Ndiyo maana inaniuma nikisikia wasomi redioni wakituambia tuweke hisia pembeni. Aliyefiwa aziweke wapi?

Tarehe 5 Novemba 2009, Rais wa Zanzibar wa wakati ule, Amani Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Ikulu ya Zanzibar. Mama hakujua walichozungumza. Alisikia tu kwamba wameketi pamoja, na wiki ile ile akaenda dukani kwa jirani kununua sukari, baada ya miaka 14. Kura ya maoni juu ya serikali ya pamoja ilikuja baadaye, tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Uchaguzi wa Zanzibar wa 2015 ulipofutwa majeraha yalitoneshwa upya, nakiri. Lakini mama na jirani yake hawakununiana tena.

Mhariri, nanyi mna mkono wenu humu. "Amlipua", "amvaa", "wagaragazwa": maneno ya vichwa vyenu vya habari ndiyo wateja wangu wanayarudia wakisubiri nguo. Viongozi wakipigana vijembe, hayo ni yao. Ila siku mwanasiasa atakapowakejeli wafuasi wa upande wa pili, watu wa kawaida kama wale wa kikoba chetu, msiandike kwamba "amewachana". Andikeni kwamba amewatukana wananchi, na mtaje maneno yake kama alivyoyasema.

Yule mwenzetu wa ujumbe nimemwomba twende pamoja kwa mfiwa Jumapili. Kasema anaona aibu. Nimemwambia nitampitia saa kumi jioni, avae kanga tutoke.

Mshonaji,
Tandika, Dar es Salaam