Salamu za Shukrani kwa Kupona Mzee Wetu, Kilwa Masoko

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Sisi watoto, mke, ndugu na wajukuu wa Mzee wetu tunamshukuru Allah Subhanahu wa Taala, Mwenye kuponya, kwa kumtoa salama mzazi wetu katika upasuaji wa busha. Ugonjwa tumeutaja kwa idhini yake. Alisema, "Liandikeni jina lake, wapo wenzangu wamejifungia ndani."

Miaka mingi Mzee aliumwa kimyakimya. Aliacha bahari kwanza, akasingizia macho. Kisha akaacha swala ya jamaa, akawa anaswali chumbani, kwa kuwa kurukuu mbele za watu kulimtia haya. Harusi ya mjukuu wake wa kwanza hakuhudhuria. Pilau alipelekewa nyumbani. Wapo waliomwambia ni madafu ya ujanani, akaacha madafu. Wapo waliomwambia ni mshipa, akachanjwa chale. Maji yakazidi kujaa. Na mtoto gani wa pwani atamkabili baba yake kwa habari za sehemu zile?

Mungu akamleta jirani yetu wa nyumba ya pili, mtu mzima aliyewahi kupasuliwa busha yeye mwenyewe. Alikuja baada ya Alasiri, wakakaa wawili ukumbini, mlango ukafungwa. Alipotoka, Mzee akamwita mama: "Nitolee kikoi safi, kesho nakwenda hospitali." Mzee jirani, ulilitamka jambo ambalo wanaume wengi wa mwambao huu huzikwa nalo. Sisi hatuna cha kukulipa. Allah akulipe Firdausi.

Daktari alimweleza taratibu, kwa heshima, kwamba chanzo ni vijidudu vya minyoo vinavyoenezwa na mbu, si dafu wala mkono wa mtu. Na kwamba dawa za kingatiba zinazogawiwa mitaani zina kazi yake, lakini busha lililokwisha kujaa dawa yake ni kisu. Siku iliyopangwa presha ikapanda, operesheni ikaahirishwa. Usiku ule ndio uliotuelemea kuliko yote. Mzee aliapa harudi tena. Mama alikaa naye akimsomea Yasin mpaka alfajiri, na kulipokucha muuguzi wa wodi akapiga simu mwenyewe kumuulizia hali. Simu hiyo ndiyo iliyomrudisha.

Alichomwa ganzi ya mgongoni, akabaki macho, anasikia vyuma vikigongana na hasikii maumivu. Akawa anasoma Ayatul Kursiyyu, na mtaalamu wa usingizi, kijana mdogo, akamshika mkono akisoma pamoja naye. Alipotolewa, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mbona wamemaliza upesi hivi?" Mama akaangua kilio pale pale kwenye benchi.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi na wahudumu wote wa wodi ya wanaume. Baba wadogo kutoka Songosongo. Shangazi zetu wa Lindi na Mtwara. Mashemeji wa Dar es Salaam. Wakwe zetu wa Nangurukuru. Imamu, maamuma na wanafunzi wa madrasa kwa dua zao. Wavuvi wenzake wa zamani kwa samaki wa kila siku. Kina mama wa mtaani kwa uji. Vijana waliojitokeza kutoa damu ingawa haikuhitajika. Na wote waliochanga kwa simu. Dereva wa bajaji aliyemrudisha nyumbani polepole, akikwepa kila shimo kwa ajili ya nyuzi zake, kisha akakataa nauli, Allah amzidishie riziki. Na binti muuguzi aliyekuwa akipita jioni, akitoka kazini, kumsafisha kidonda bila kudai chochote: wewe sasa ni mtoto wa nyumba hii.

Tumewataja wachache, na mioyo yetu ina wasiwasi kwa tuliowaacha. Wengine walikuja usiku, wengine walituma bila jina, wengine waliomba dua tusijue. Tunaomba radhi sana, tena sana. Msione jina halipo mkadhani tumesahau wema wenu. Kwa Mola umekwisha kuandikwa.

Dua ya shukrani itasomwa nyumbani Ijumaa ijayo baada ya swala, inshallah. Nyote karibuni. Na mwenye mgonjwa kama wetu aje naye, Mzee yuko tayari kukaa naye faragha.

Wabillahi tawfiq.
Ni sisi watoto, kwa niaba ya familia.