Muuguzi mpya tunampoteza ndani ya siku 90 za kwanza

Mhariri,

Kila Serikali inapotangaza ajira za kada ya afya simu yangu haitulii. Wajukuu wa majirani, watoto wa wenzangu niliofanya nao kazi, hata vijana nisiowajua, wote wanauliza jambo moja: "Mama, niombe halmashauri gani?" Nilikuwa muuguzi mkunga kwa miaka 36 katika mikoa ya Lindi na Mtwara hadi nilipostaafu mwaka 2021, na swali lao najitahidi kulijibu. Lipo swali jingine ambalo sijalisikia likiulizwa na wanaoajiri: kijana huyu akishafika kituoni, nani atampokea?

Tunaambiwa vijana wa siku hizi hawataki vijijini, kwamba wanaripoti ili wapate cheki namba, yaani namba ya mtumishi ya kulipiwa mshahara, kisha watafute uhamisho. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini wengi niliowaona wakiondoka walikuja na godoro, ndoo na sufuria. Mtu asiyetaka kukaa habebi sufuria kutoka kwao.

Nitamtaja mmoja bila jina lake wala la kituo. Ilikuwa mwaka 2019, nami nilikuwa nasimamia wauguzi katika kituo cha afya ambacho zahanati kadhaa zilikitegemea. Binti huyu, mwenye stashahada na leseni mpya kabisa, alipangiwa zahanati iliyo mbali na barabara ya lami. Aliripoti mwezi ukiwa unaelekea ukingoni, mishahara imekwisha kufungwa. Posho ya kujikimu akaambiwa asubiri, fungu halijaingia. Nyumba ya mtumishi ilikuwa boma: kuta zilifika kwenye linta, bati hakuna, nyasi zimeota sebuleni. Akalala kwenye chumba cha akina mama waliojifungua, na wazazi wakija usiku anakunja godoro lake kuwapisha. Tabibu wa pale alikuwa masomoni, kwa hiyo walibaki yeye na mhudumu mmoja.

Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Unga alikuwa analetewa na mke wa mwenyekiti wa kijiji. Mshahara wa kwanza uliingia mwezi wa nne.

Kabla haujaingia, usiku mmoja wa masika, mama alijifungua salama kisha akaanza kutoka damu bila kukoma. Binti alichoma sindano, akaweka dripu, akakanda kizazi kama alivyofundishwa. Simu hakuweza kunipigia, kwa sababu pale mtandao ulishika nyuma ya shule tu, na angekwenda nyuma ya shule mama angekufa. Alimtuma mhudumu akimbie na simu. Gari lilifika alfajiri. Mama alipona, na mtoto wake leo anasoma shule ya msingi. Mimi nilipofika nilimkuta binti amekaa kwenye ngazi za zahanati, gauni lake jeupe limegeuka rangi. Akaniambia, "Sista, damu sikuiogopa. Niliogopa kuwa peke yangu."

Mwezi wa nane aliondoka akaenda kufanya kazi katika hospitali binafsi Dar es Salaam. Katika faili lake kuliandikwa utoro kazini. Neno hilo linaniuma hadi leo, maana nilimwona akiwa zamu usiku na mchana kwa miezi mitatu bila kulipwa hata senti.

Nalinganisha na nilivyopokelewa mimi mwaka 1985. Wakati huo ukihitimu, Wizara inakupangia kituo moja kwa moja. Nilishuka kwenye lori nikiwa na umri wa miaka 24, na mkunga wa pale, mama mtu mzima, alikuwa amekuja kunipokea barabarani. Nililala kwake hadi mshahara ulipotoka. Wiki nyingi za mwanzo hakuniacha zamu ya usiku peke yangu. Anakaa pembeni kwenye kigoda, anafuma, ananiangalia mikono. Nikikosea hasemi mbele ya mzazi. Asubuhi tukinywa uji ndipo ananieleza. Nilikaa kituo kile miaka tisa. Barabara ilikuwa mbovu kuliko ya leo, dawa zilikuwa chache kuliko za leo, na umeme hatukuwa nao.

Mama kama yule leo yuko wapi? Hapa ndipo naomba wakubwa wanisikilize. Mwaka 1993 Serikali ilisitisha utaratibu wa kumwajiri kila mhitimu. Mwaka 2016 ajira zikasimama tena kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Sina ugomvi na uhakiki, wezi waliokula mishahara ya marehemu walistahili kusakwa. Lakini kila mara mlango wa ajira unapofungwa, sisi wa zamani tunaendelea kustaafu na nyuma yetu haingii mtu. Mlango ukifunguliwa wanaingia vijana wengi kwa mpigo, na kati yao na sisi tunaoondoka kuna pengo. Wale ambao leo wangekuwa na uzoefu wa miaka 10 au 15, ambao ndio wangemkalia pembeni kijana usiku, ni wachache mno. Tunapeleka wageni kwenye nyumba isiyo na mwenyeji.

Serikali imejitahidi, nami sitaficha. Mwaka 2022 ilitangaza nafasi 7,612 za afya, na mwaka 2023 nyingine 8,070. Vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi, ambavyo utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulivikadiria kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000, katika utafiti wa mwaka 2022 vilikadiriwa kuwa 104. Nililia niliposoma takwimu hiyo, kwa sababu najua ni mikono ya nani imeishusha. Leo kuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura za uzazi: unapiga 115 na gari linatafutwa. Ni msaada mkubwa. Lakini gari likiwa njiani, anayekanda kizazi bado ni muuguzi, na akiwa amekata tamaa akaondoka, hata huyo wa kupiga 115 hayupo.

Wengine wanahofia Uingereza na nchi za Ghuba. Shirika la Afya Duniani limeiweka Tanzania katika orodha ya nchi 55 ambazo nchi tajiri zinaaswa zisiende kuzoa wahudumu wao wa afya, na hilo ni jema. Ila niliowaona mimi wakiondoka zahanati hawakupanda ndege, walipanda basi. Wako Mtwara mjini, wako Dar es Salaam, baadhi wanauza vitenge huku leseni ziko kabatini. Huko ndiko tanki letu linakovuja.

Hebu tufanye yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza ni fedha ya siku ya kuripoti. Halmashauri inajua miezi kabla kwamba watumishi wapya wanakuja. Iitenge posho yao katika mapato ya ndani, mtu aipokee siku anayosaini kitabu, na kama mwezi umefungwa apewe karadha ya kumfikisha kwenye mshahara. Kiasi chenyewe hakizidi gharama ya semina moja ya siku mbili hotelini.

Pili, asipelekwe peke yake. Kijana aanzie miezi mitatu katika hospitali ya wilaya au kituo cha afya penye wazazi wengi, chini ya mkunga mzoefu anayetajwa kwa jina katika barua yake ya kupangiwa kazi. Baada ya hapo aende zahanati, na waende wawili. Najua jibu la maofisa utumishi: vituo ni vingi, watu hawatoshi, ukiweka wawili hapa kule kunabaki tupu. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Lakini ukiweka mmoja mmoja, baada ya mwaka unabaki na vituo viwili vitupu na mafaili mawili ya utoro.

Nyumba nazo. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi uanze mwaka 2007, wananchi wa vijiji vingi wamefyatua tofali, wamesomba mchanga na kusimamisha maboma kwa jasho lao. Boma la nyumba ya muuguzi liezekwe kabla hatujamleta muuguzi. Binti wa miaka 23 hawezi kulala mahali pasipo na mlango unaofungwa, na mzazi yeyote anayesoma barua hii anajua kwa nini.

Kisha tuangalie tunamchukua nani. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri nchi zichukue wanafunzi waliokulia vijijini na kuwasomesha karibu na kwao, kwa sababu hao ndio hubaki. Huku kusini tuna vyuo Ndanda, Newala na Nachingwea. Binti wa Liwale aliyesoma Nachingwea, ambaye sasa anajitolea hospitalini mwaka wa pili kwa nauli tu, kwa nini nafasi ya Liwale apewe mtu ambaye hajawahi kuvuka Rufiji? Sisemi ajira ziwe za ukabila. Nasema anayeomba kwenda anakojua, na aliyekwisha kuthibitisha kwa kujitolea, apewe uzito katika usaili. Na ombi la uhamisho wa kumfuata mwenza lisichukuliwe kuwa ujanja. Mpangeni mwenza naye aje huku, mtakuwa mmepata watumishi wawili.

Mshahara ni muhimu, sitaki nieleweke vibaya. Malawi walipozidiwa na upungufu, katika mpango wao wa dharura ulioanza mwaka 2004 waliwaongezea wahudumu wa afya asilimia 52 ya mshahara, na sisi tukiweza tufanye. Ila yule binti wa 2019 hakuomba nyongeza. Aliomba mshahara wake mwenyewe, paa, na mtu wa kumuuliza saa nane za usiku.

Kuhusu huyo mtu wa kumuuliza, nina jambo la kutoa. Hapa Masasi tupo wauguzi wakunga wastaafu ambao bado tuna nguvu, mikono yetu haijasahau kazi, na wengi tunashinda nyumbani. Mganga Mkuu wa wilaya yoyote ya Lindi au Mtwara anayetarajia kupokea vijana awamu ijayo, atutafutie mahali pa kulala na nauli ya kwenda na kurudi. Tutakwenda kukaa nao miezi hiyo mitatu. Mimi begi langu ninalo, na kigoda nitakibeba mwenyewe.

Muuguzi mkunga mstaafu,
Masasi, Mtwara