Kwa wapiga picha vijana wa Dodoma: mlimpigia makofi akifuta picha

Wanangu, mbukwenyi.

Barua hii nimekaa nayo siku tisa. Ya kwanza niliiandika usiku, mama watoto akaisoma akasema, "Hii siyo barua, haya ni matusi yaliyowekewa nukta na mkato." Nikaichana. Hii ni ya tatu. Hasira bado ipo, ila imepungua makali.

Mnajua ninachozungumzia. Matokeo ya shindano lile la picha yalisomwa Ijumaa jioni. Jina lake silitaji, maana ugomvi wangu si na waandaaji. Nilikuwepo ukumbini, nimekaa nyuma karibu na feni. Yakasomwa majina matatu, na katika hayo hakuna hata mmoja wa grupu letu. Mpaka hapo hakuna msiba. Msiba ulianza saa nne usiku, mwenzenu mmoja alipoandika kwenye grupu: "Nimestaafu picha rasmi." Akaambatanisha video fupi ya skrini ya kompyuta yake, folda la miaka mitatu linafutwa, ule mstari wa kijani unasogea polepole mpaka mwisho.

Nanyi mkafanya nini? Nilihesabu. Watu ishirini na saba walimwekea moto na makofi. Mmoja akaandika, "Heshima kaka, umewaonyesha." Umewaonyesha nani? Majaji walikuwa wameshalala.

Nimemwomba kijana mwenyewe ruhusa ya kulisimulia hili, akanipa kwa sharti nisimtaje jina. Hajambo. Anakula, anacheka, ila ukimtajia kamera anatazama pembeni.

Sasa nizungumze kama fundi, maana machozi tumeshamaliza. Picha aliyoipeleka ni ile ya mbuyu wa njia ya Bahi, jua linazama nyuma yake. Nzuri, sikatai. Lakini alivyoihariri, anga likawa na rangi ya soda ya chungwa, shina likawa jeusi kama limechorwa kwa mkaa. Nilimuuliza kwa nini alichagua hiyo. Akanijibu, "Mzee, majaji wanapenda mibuyu." Aliambiwa na nani? Na hata kama wanaipenda, waliopeleka mibuyu siku hiyo hawakupungua tisa, kwa sababu kila mmoja wenu alikuwa amesikia kwamba majaji wanapenda mibuyu.

Na huyu kijana ana picha nyingine. Alinionyesha mwaka jana kwenye simu, tumesimama nje ya studio, nikamnyang'anya ile simu nikaingia nayo ndani kwenye kivuli niione vizuri. Aliipiga soko la mahindi la Kibaigwa. Kuna mtoto wa miaka minne hivi amelala juu ya magunia, mdomo wazi, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Pembeni ya picha unaingia mkono wa mtu mzima umeshika kalkuleta, na kidole gumba kiko juu ya kitufe. Basi. Mnunuzi humwoni, uso wa baba huuoni, lakini bei unaisikia kabisa ikibishaniwa. Vumbi la mahindi limetua kwenye kope za yule mtoto. Nimefanya kazi hii tangu 1981, na picha kama ile ningeweza kujisifia nayo nne au tano tu katika zote nilizopiga.

Hiyo hakuipeleka. Alisema ni "ya kawaida sana." Usiku ule ikafutwa pamoja na nyingine zote.

Kwa hiyo msiniambie majaji hawakuona kazi yake. Kazi yake haikupelekwa. Ilipelekwa picha ambayo alidhani mtu asiyemjua angeipenda, na huko ndiko mnakopotea wengi wenu: lengo mmelitundika kichwani mwa mtu mwingine, halafu mnalipigia kelele mkiwa mmesimama nje ya mlango wake.

Nisijifanye mtakatifu. Mwaka 1989 na mimi nilipeleka picha tatu kwenye shindano huko Dar es Salaam, nimezisafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza, nikazifunga kwenye kadibodi na kuziposti. Sikupata hata barua ya kunijibu. Nikasikia aliyeshinda ni mtu ambaye, kwa maneno yangu ya wakati ule, "hajui hata kushika kamera ya Zenit." Jioni moja nikatoa maboksi mawili ya negativu, zile filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwake, nikayamwagia mafuta ya taa nyuma ya studio. Negativu haziungui kama karatasi. Zinajikunja, zinayeyuka, zinatoa moshi mweusi wenye harufu inayokaa kwenye shati siku tatu. Jirani alidhani nachoma tairi.

Mwaka 1997 akaja mama mmoja kutoka Mvumi. Alikuwa amekunja kanga pembeni, akafungua fundo, akatoa kipande cha risiti yangu mwenyewe, mwandiko wangu, namba 2174. Baba yake alikuwa amefariki juma lile. Mwaka 1986 mzee yule alikuja mjini kununua baiskeli, akapita studio kupiga nayo picha, akapewa nakala moja, na nakala ile ililoa mvua nyumba ilipovuja. Mama yule alikuwa anaomba picha isafishwe tena, japo ndogo ya ukubwa wa paspoti, iwekwe kwenye jeneza. Nikamwambia panya walikula negativu.

Nilimdanganya, wanangu. Akanishukuru, akaikunja risiti yake akairudisha kwenye fundo. Mimi namba ile siisahau, na majina ya walioshinda mwaka 1989 siyakumbuki hata moja.

Basi mtu anapofuta picha mbele yenu na nyinyi mnampigia makofi, mjue mimi naona moshi.

Nchini Mali kulikuwa na mpiga picha aitwaye Seydou Keïta, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948. Wateja wake walikuwa watu wa mjini tu: makarani, mama na watoto wao, vijana waliotaka kuonekana na redio. Negativu alizitunza kwenye maboksi. Mwaka 1991 picha zake zilioneshwa New York, na hata jina lake hawakuwa nalo, waliandika mpiga picha hajulikani. Wakamtafuta wakampata, yuko hai, na maboksi yapo. Angekuwa mmoja wa grupu letu, yangekuwa yameshafutwa na watu ishirini na saba wakishangilia.

Sasa hesabu, maana naona wengi mnalia kwa sababu hamjapiga hesabu. Shindano la Wildlife Photographer of the Year, la Natural History Museum ya London, mwaka 2024 lilipokea picha 59,228 kutoka nchi na maeneo 117. Zilizochaguliwa kuoneshwa ni 100. Yaani katika kila picha karibu mia sita, inapita moja. Nendeni stendi ya Nanenane, jazeni mabasi kumi, kila basi abiria sitini, halafu mwambieni kondakta ateremshe mtu mmoja tu. Hao wengine waliobaki kwenye viti, wote ni wabovu? Kuna wazuri humo ndani waliokosa kwa sababu siku ile majaji walikuwa wameshaona chui saba. Majaji wenyewe ni watu. Kwenye raundi za mwanzo picha inapita mbele yao sekunde chache, inafuata nyingine. Mkikosa, mmejifunza kwamba jopo lile, siku ile, lilichagua nyingine. Zaidi ya hapo hamjaambiwa kitu.

Upendeleo upo? Upo. Nimeuona mimi kwa macho haya, si mara moja. Lakini hauwezi kuwa ndiyo sababu kila mnapokosa, na picha zenu kila mara ziwe hazina kosa.

Mengine nayataja tu, mnayajua. Faili halisi kutoka kwenye kamera msilifute, mashindano makubwa wanalidai. Mwaka 2015 World Press Photo iliziondoa asilimia 20 ya picha zilizokuwa zimefika raundi moja kabla ya mwisho, kwa kuchezewa kupita kiasi. Msipeleke picha tano za jambo moja. Kama kipengele ni cha watu, msipeleke mlima Mlimwa. Maelezo ya picha andikeni siku hiyohiyo: nani, wapi, lini, anafanya nini. Pale Kolo, Kondoa, michoro ya mapangoni iliwekwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2006, na wasomi bado wanabishana mingine inamaanisha nini, kwa sababu waliochora hawakutuachia maelezo. Nyinyi mna simu na bando, hamna kisingizio.

Na deni. Mwenzenu mwingine alichukua mkopo wa kausha damu anunue lenzi ya milimita 200, akitegemea zawadi ya kwanza irudishe hela. Lenzi sasa iko kabatini kwa mkopeshaji. Zawadi ya shindano si mshahara, wala si mavuno ya zabibu, kwamba ukipalilia na kumwagilia yatakuja mara mbili kwa mwaka.

Someni masharti pia. Hapa nawageukia wakubwa kidogo, maana si haki niwapige vijana peke yao. Kuna taasisi zinaitisha "shindano," zawadi ni fulana na cheti, halafu kwenye sharti la kumi na kitu, kwa herufi za kuhitaji miwani, wanaandika kwamba picha zote zilizopokelewa, si zilizoshinda tu, watazitumia watakavyo bila malipo. Hiyo ni namna ya kupata kalenda ya bure. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha kama inavyolinda wimbo, lakini ukishabonyeza "nimekubali" umeitoa mwenyewe. Mji huu umejaa ofisi za serikali, na ukiingia mapokezi unakuta ukutani picha ya mvulana wa Kizungu anacheka na kompyuta, imepakuliwa intaneti, wakati nje ya geti kuna vijana wamepiga Dodoma nzima. Na nyinyi wazazi mnaomwambia mtoto "kazi ya picha si kazi," halafu harusi ya dada yake ndiye mnayemwita aje bure, naomba mlifikirie hilo mkiwa mmetulia.

Nirudi kwenu. Mtaniuliza, basi mzee, tusiwe na malengo? Muwe nayo, lakini yale ambayo ukiamka asubuhi yako mikononi mwako. "Nishinde" haliko mikononi mwako. "Jumamosi kumi na mbili mfululizo niwe soko la Majengo saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua la kwetu halijawa kali" liko mikononi mwako, na ukilala unajua nani wa kulaumu. Chagua jambo moja ukae nalo mwaka. Mashamba ya zabibu Hombolo, kuanzia kupogoa mpaka kuvuna. Mafundi wa baiskeli. Bibi yako akichuma mlenda. Mwisho wa mwaka chagua picha kumi, zisafishe kwenye karatasi, zipelekee wale waliomo ndani yake. Huyo fundi baiskeli atakavyoishika ile picha, atakavyoiinamisha kuitazama, utajua kama imefaulu.

Ukitaka kushindana, shindana. Weka hesabu: mwaka huu nitapeleka matatu, yasiyo na kiingilio, kwa picha ambazo ningezipiga hata kama shindano lisingekuwepo. Ukikosa, uchungu uache uume siku mbili. Unauma kweli, sitawadanganya. Usiandike kwenye grupu siku hizo mbili. Usishike kitufe cha kufuta. Siku ya tatu mtafute mtu mmoja anayejua, si anayekupenda, mtazame naye ile picha, akwambie wapi macho yake yalikwama. Mimi nipo. Sitozi, ila sifichi.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo hasa lililonifanya niandike badala ya kusubiri kikao.

Kompyuta ukiiambia ifute faili, kwenye diski zile za kuzunguka, huwa haifuti picha yenyewe papo hapo. Inafuta anwani tu. Picha inabaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa bahati kijana alipostaafu aliitupa ile diski mvunguni bila kuitumia tena. Nikaenda kwao, mama yake akaniinamia chini ya kitanda akaitoa, nikampelekea fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu. Ameikalisha siku nne. Amerudisha mafaili 1,146. Mengine yamekatika nusu, nusu picha na nusu kijivu. Majina na tarehe vyote vimepotea, ni namba tupu, na mengi ni picha za harusi.

Ya Kibaigwa bado hatujaiona. Tumepitia mia tatu tu, macho yangu yanachoka.

Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, studio kwangu. Kompyuta zipo mbili. Kijana mwenyewe amesema atakuja, hakuahidi. Wale ishirini na saba nimeyaandika majina yenu kwenye daftari la risiti. Chai ipo. Maandazi mje nayo.

Mzee wenu wa studio,
Majengo, Dodoma