Bahasha za kura ya madiwani
Ndugu zangu wa Melbourne, habari za jioni. Kama hujafungua ile bahasha ya tume ya uchaguzi, itafute leo. Yangu niliikuta katikati ya matangazo ya piza, nusura niitupe. Safari hii hakuna vituo, kura ni kwa posta tu, na mwisho wa kutuma ni Ijumaa 25 Oktoba 2024, saa 12 jioni. Weka namba katika kila kisanduku: 1 kwa unayemtaka zaidi, halafu 2, hadi wa mwisho. Ukitia alama ya vema kwa mmoja tu, kama tulivyozoea nyumbani, kura imeharibika. Na saini kwenye bahasha, jamani! Asiyepiga anaweza kutozwa faini. Wazee wasiosoma Kiingereza, Jumapili baada ya ibada nipo na kalamu. Unamchagua nani, siulizi.