Nikimfungia ndani, anamwinda paka mzee

Ndugu mshauri,

Naomba ushauri juu ya tatizo lililozaliwa na dawa ya tatizo jingine. Nyumba hii ina paka wawili. Jike ana miaka 3, alifungwa kizazi akiwa na miezi 6, mwepesi, mzima wa afya, mwindaji hodari aliyezoea kutoka nje tangu udogoni. Dume ana miaka 12, amehasiwa, na viungo vya miguu yake ya nyuma vimeanza kukakamaa. Wiki 5 zilizopita jike alifungiwa ndani usiku na mchana ili makinda wa ndege wapone. Wamepona. Sasa anamwinda yule mzee.

Nasema anamwinda, sisemi wanagombana, kwa sababu tofauti inaonekana kwa macho, na dawa ya ugomvi haitibu uwindaji. Paka wanaogombana hupiga kelele: hunguruma, hufoka, hulaza masikio nyuma, hukunja mgongo na kusimamisha manyoya. Huyu hatoi sauti hata kidogo. Hulala kifudifudi nyuma ya mlango wa ukumbini, kidevu karibu kigusane na sakafu, masikio yametazama mbele, mboni zimepanuka mpaka rangi ya jicho imebaki kama uzi pembezoni. Mzee akipita bila kumwona, kiuno cha jike huanza kutikisika kushoto na kulia, ncha ya mkia inacheza, kisha anaruka na kumkumbatia kwa miguu ya mbele, mdomo ukitafuta kisogo. Hapo ndipo paka huuma ili kuua, na ndiyo maana naliogopa jambo hili hata kama mpaka leo hakuna damu iliyotoka. Mzee akigeuka na kumkabili uso kwa uso, jike huketi na kuanza kujilamba. Mzee akikimbia, anafuatwa. Kinachoondoka mbele ya paka ndicho kinachomwita, na mzee mwenye mwendo wa kuburuta mguu huondoka polepole sana.

Si mchezo pia. Katika mchezo paka hubadilishana zamu, huyu akifukuza na yule akifukuzwa, na wote wawili hurudi kutaka tena. Mzee hajawahi kurudi kutaka tena.

Hofu yangu kubwa haiko kwenye majeraha, iko kwenye mkojo. Masanduku ya mchanga ya kujisaidia yalikuwa mwisho wa ukumbi, na mzee ameanza kujizuia asiende. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba, na wasiwasi wa muda mrefu huchochea uvimbe wa kibofu unaoweza kuiziba. Dume anayechuchumaa mara kwa mara, akijikamua bila kutoa kitu au akitoa matone tu, si wa kusubiriwa mpaka kesho. Mkojo ukiziba kabisa, siku moja au mbili zinatosha kumuua. Bado hajafika huko. Mara mbili amekojoa kwenye zulia karibu na anapolala, na hiyo naihesabu kuwa taarifa.

Kabla hujaniambia nimfungulie jike mlango, niruhusu nieleze kwa nini ulifungwa. Makinda wa aina nyingi za ndege hutoka kiotani kabla hawajaweza kuruka vizuri. Kwa siku kadhaa hukaa chini au kwenye vichaka vifupi, wazazi wakiendelea kuwalisha, na paka anayejua kazi yake huwamaliza mmoja baada ya mwingine. Hata anayenyang'anywa akiwa hai hajaokoka. Chonge za paka ni nyembamba. Tundu zake hujificha chini ya manyoya na huonekana kama si kitu, huku bakteria wa kinywani, hasa Pasteurella, wakiwa tayari wameingia ndani. Ndege aliyeumwa na paka anahitaji antibiotiki siku hiyohiyo, na kabla ya kufika kwa daktari akae kwenye boksi lenye giza na matundu ya hewa, asinyweshwe maji kwa nguvu. Wengi hawafiki. Juu ya hayo kuna panya waliokula sumu. Sumu inayozuia damu kuganda hubaki kwenye ini la panya, na paka anayekula panya wa namna hiyo mara kwa mara anaweza kuanza kutokwa damu ndani siku 3 hadi 5 baadaye, ufizi ukigeuka mweupe. Minyoo ya tegu naitaja tu; hiyo ina dawa.

Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Waliona jambo ambalo wafugaji wengi hawajalikubali: njaa na uwindaji ni vitu viwili. Panya mmoja mdogo ana kilokalori kama 30, na paka wa kilo 4 huhitaji zaidi ya 200 kwa siku. Paka anayejitafutia hula mara nyingi kidogo kidogo, na mitego yake mingi hutoka patupu. Angekuwa anangoja njaa ndipo aanze kunyatia, angekufa. Kwa hiyo aliyeshiba naye huamka akisikia kitu kinachakarisha majani, na kumwongezea chakula kunapunguza tu hamu ya kula alichokamata.

Hilo halina maana kwamba chakula hakina nafasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha mwaka 2021 matokeo ya majaribio kwa paka wanaotoka nje. Paka waliohamishiwa chakula chenye protini nyingi ya nyama, kisicho na nafaka, walipunguza mawindo waliyoleta nyumbani kwa asilimia 36. Waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 kila siku walipunguza kwa asilimia 25. Kitambaa cha rangi kali kinachovishwa juu ya ukanda wa shingoni kilipunguza ndege kwa asilimia 42, lakini hakikuwasaidia panya, kwa kuwa ndege huona rangi vizuri na panya haoni hivyo. Njuga haikuleta tofauti ya kuonekana. Vyombo vya mafumbo, vile ambavyo paka hukung'uta ili chakula kidondoke, viliongeza mawindo kwa asilimia 33.

Yote hayo yamejaribiwa kwa huyu jike kabla ya kumfungia. Chakula kilibadilishwa kwa siku 10, kile kipya kikianza robo, kisha nusu, kisha robo tatu, maana kubadilisha kwa siku moja huharisha. Ukanda una kifungo kinachoachia chenyewe ukinaswa na tawi, na vidole viwili hupita kati yake na shingo. Pasipo hayo ukanda ni kitanzi. Mawindo yalipungua kweli, kutoka matano au sita kwa wiki hadi mawili au matatu. Ila hayo ni yale yanayoletwa mlangoni. Paka huacha mengi palepale alipoulia na mengine huyala hukohuko, hivyo hesabu ya mlangoni ni ya chini kila wakati. Majira ya makinda yalipofika, mawili kwa wiki yalikuwa bado mengi.

Kosa lililofanyika naliona: mlango ulifungwa ghafla, bila kumzoesha kidogo kidogo. Paka aliyetumia saa nyingi kwa siku akiotea, akinusa na kuzunguka mipaka yake alibaki na vyumba vitatu na kitu kimoja tu kinachotembea chini.

Yafuatayo yamefanyika tangu mashambulizi yaanze. Masanduku ya mchanga sasa ni 3. Zamani yalikuwa 2 yamekaa ubavu kwa ubavu, na kwa paka anayeotea, masanduku mawili mahali pamoja ni sanduku moja. Yamewekwa vyumba tofauti, hayana vifuniko, yanatokeka pande mbili, na la mzee lina kizingiti cha sentimita 8 tu mlangoni ili asilazimike kuinua mguu juu. Maji na chakula viko mbalimbali. Jike ametundikiwa rafu mbili, ya juu ikiwa mita 1.8, ili apate pa kukaa na kutazama; mzee amepewa ubao wa mteremko wa kufika kwenye kochi. Nyuma ya mlango wa ukumbini pamezibwa kwa kiti, na jike akahamia chini ya kabati siku ya tatu.

Anachezeshwa mara mbili kwa siku, dakika 10 kila mara, kwa fimbo yenye kamba na manyoya. Namna ya kuchezesha ndiyo inayobeba matokeo. Manyoya yakimjia usoni hurudi nyuma, kwa kuwa hakuna windo linalomfuata mwindaji. Yakimkimbia, yakapotea nyuma ya mguu wa meza, yakatulia, kisha yakatikisika kidogo tu, anaingia kazini mwili mzima. Dakika 2 za mwisho mwendo hupunguzwa, anaachiwa kukamata na kuuma, na chakula kinawekwa papo hapo ili mnyororo ufungike: kunyatia, kurukia, kuuma, kula, kujilamba, kulala. Leza, ile taa ya nukta inayokimbia sakafuni, haitumiki humu. Haina mwili wa kushikwa, na jike akimaliza kuifukuza hubaki ametoa macho akitafuta kitu kingine, na kitu hicho ni mzee. Kamba hufungiwa kabatini mchezo ukiisha. Uzi ukimezwa hukunja utumbo na kuukata. Mikono haichezeshwi naye kamwe.

Mchana na jioni mambo yametulia. Shida imebaki alfajiri. Jike huamka kiasi cha saa moja kabla ya jua kuchomoza, saa ileile aliyozoea kutoka, na mzee huamka kwenda kujisaidia wakati huohuo. Chombo cha chakula chenye saa kimetegwa kufunguka saa 10 na nusu. Kinamshughulisha dakika 20, kisha anarudi chini ya kabati. Usiku sasa wanalala vyumba tofauti, mlango umefungwa, na kwa hilo mzee amepata usingizi, lakini mlango ukifunguliwa asubuhi, la kwanza jike analofanya ni kumtafuta.

Sasa maswali yangu.

Je, njuga ina faida nikimvisha jike kwa ajili ya mzee? Kwa ndege naelewa udhaifu wake: ndege hana sababu ya kuhusisha mlio na hatari, na paka mzoefu hujifunza kunyata bila kuitikisa. Mzee ni tofauti, anaweza kujifunza maana ya mlio kwa siku chache. Wasiwasi wangu ni kwamba huenda akaishi kwa kuusikiliza mchana kutwa, na mtu aliyesikiliza hatari mchana kutwa hajapumzika.

Pili, maumivu. Mzee amepangiwa kipimo cha damu cha figo kabla ya kuanzishiwa dawa ya viungo, na dawa za binadamu hazitaguswa kwa kuwa parasetamoli huua paka. Akitembea vizuri zaidi, je, mvuto wake kama windo utapungua? Nauliza kwa sababu sijui kama jike anavutwa na ule mwendo wa kuchechemea au na ukweli tu kwamba mzee ndiye anayekimbia.

Tatu ni kizimba cha wavu. Nafasi iliyopo inatosha mita 3 kwa 2, kimo mita 2, kikiwa na paa la wavu huohuo wa matundu ya sentimita 2, kikiunganishwa na dirisha ili jike aingie na kutoka mwenyewe. Upande mmoja unatazama mti wenye viota, mwingine unatazama ukuta. Nimeona jinsi paka akiwa dirishani na ndege nje anavyotetemesha taya na kutoa ule mlio mfupi wa kukatikakatika. Akitoka hapo bado amewaka, humrukia wa kwanza kupita. Kizimba kielekee mti apate cha kutazama, au kielekee ukuta apate hewa na harufu bila kuchochewa? Moyo wangu uko kwenye ukuta, lakini naogopa atakikataa baada ya wiki.

Wengi wananishauri nimletee jike mwenzake kijana wa kucheza naye. Silikubali hilo. Paka wa tatu katika vyumba vitatu, mmoja wao akiwa tayari anakojoa kwenye zulia, ni kumwongezea mzee mwindaji wa pili. Ukiona nimekosea, nieleze kwa sababu gani.

Swali la mwisho linanikosesha raha. Wapo wanaosema nimfungie jike kuanzia saa moja kabla ya machweo mpaka saa mbili baada ya macheo, na mchana nimwachie. Hilo lingewaokoa panya na ndege wa asubuhi, na lingempunguzia mzee shinikizo. Lakini makinda hawakai chini alfajiri tu, wako chini mchana wote, na viota kwenye mti bado vina mayai. Nikisubiri mpaka makinda wa mwisho waruke ndipo nimfungulie, je, mzee anaweza kuvumilia wiki nyingine 5 au 6 hivi tulivyo, wametenganishwa usiku na kulindwa asubuhi? Na ni dalili ipi kwake, kabla ya mkojo kuziba, ingeniambia nisisubiri tena?

Mfugaji wa paka wawili