Wachezaji wetu wa vikapu warudishwe chini ya ubao

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo limenikera kwa misimu kadhaa sasa, nalo ni jinsi timu zetu za mpira wa vikapu hapa Kisumu na maeneo ya jirani, za shule na za mitaa pia, zinavyoshindwa kupata pointi karibu na kikapu, mahali ambapo pointi ni rahisi kuliko pengine popote uwanjani. Mimi ni mwalimu mstaafu ninayefunza mchezo huu kwa kujitolea mtaani Kondele, wavulana kwa wasichana, na ninayoyaandika hapa nimeyaona nikiwa nimesimama ukingoni mwa uwanja.

Mwezi uliopita nilihudhuria mechi moja iliyochezwa saa kumi jioni. Timu niliyokuwa nikiishabikia ilikuwa na vijana wawili warefu kuliko yeyote wa upande wa pili, lakini vijana hao walibaki wakikimbia kutoka ncha moja ya uwanja hadi nyingine kama watoto waliotumwa dukani wakasahau walichotumwa, huku wenzao wakidundadunda mpira kwenye mstari wa pointi tatu na kuurusha kutoka huko huko. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na hizi ziliishia hapo kwa maana halisi. Mitupo ya mbali iliyoingia ilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Tulishindwa, na kocha wetu akalaumu upepo.

Upepo kweli ulikuwepo, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Yeyote aliyewahi kuketi kwenye ufuo wa Dunga alasiri anajua kwamba jua likishaipasha nchi kavu moto, hewa hutoka ziwani na kuvuma kuelekea mjini, tena huvuma saa zile zile ambazo wanafunzi hufunguliwa kwenda michezoni. Viwanja vyetu vingi ni vya saruji, havina paa wala kuta. Mpira uliorushwa kutoka mita 6.75, ambako ndiko mstari wa pointi tatu ulipo kwa kanuni za kimataifa, hukaa hewani muda wa kutosha kusukumwa kando, ilhali ule unaowekwa ubaoni kutoka hatua moja hauupi upepo nafasi ya kusema lolote. Kocha anayejua kwamba atacheza jioni kwenye uwanja ulio wazi, kisha akayajenga mashambulizi yake yote juu ya mitupo ya mbali, hana haki ya kuulaumu upepo uliokuwepo kabla yeye hajazaliwa.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba dunia imebadilika, kwamba Stephen Curry, yule mrushaji wa mbali wa ligi ya NBA ya Marekani, ameugeuza mchezo, na kwamba mtupo mmoja kati ya mitatu ukiingia kutoka mbali ni sawa na mmoja kati ya miwili kutoka karibu. Hesabu hiyo ni sahihi, wala sibishani nayo. Ninachouliza ni nani miongoni mwa vijana wetu, akiwa na mpira uliochujuka hadi ukawa laini kama yai, anayeweza kuingiza mmoja kati ya mitatu jioni baada ya jioni. Isitoshe, hesabu hiyo husahau faulo. Timu inayoshambulia ndani huchezewa faulo mara kwa mara, na wapinzani wakishafikisha nne katika robo moja, kila faulo inayofuata dhidi yako hukupeleka kwenye mstari wa mitupo huru, ile unayotupa bila mlinzi kukuzuia, hata kama hukuwa ukirusha. Zaidi ya hayo, yule mlinzi wao hodari akifikisha faulo 5 anaondoka na kwenda kukaa benchi. Ni nadra sana mrushaji wa mbali kumtoa mtu uwanjani.

Lawama hii siwaelekezei vijana peke yao. Sote tunakumbuka Februari 2021 kule Yaoundé, Tylor Ongwae alipotupa mpira wa sekunde ya mwisho na Kenya ikaifunga Angola 74 kwa 73, ushindi uliotusaidia kurudi AfroBasket, mashindano ya ubingwa wa Afrika, mwaka huo kwa mara ya kwanza tangu 1993. Mimi mwenyewe nilipiga kelele hadi majirani wakaja kuuliza kulikoni. Hata hivyo, ili mtupo wa mwisho uwe na maana, lazima kwanza timu iwe imekaribiana na mpinzani kwa dakika zote zilizotangulia, na pointi za dakika hizo hakuna anayezionyesha kwenye simu.

Kosa kubwa zaidi tulilonalo ni kudhani kwamba kufunga ndani ni kazi ya urefu. Kocha hupokea kijana mrefu, akamsimamisha chini ya kikapu, akaamini kwamba Mungu atafanya yaliyobaki. Asipompata mrefu, hulikatia tamaa eneo lote la ndani na kuwaambia wachezaji wake warushe. Charles Barkley, ambaye urefu wake haukufika mita mbili, aliongoza ligi ya NBA kwa kudaka mipira inayorudi kutoka kwenye ubao katika msimu wa 1986 hadi 1987, akiwashinda watu waliomzidi kwa kichwa kizima. Alichokuwa nacho ni makalio ya kumsukumia mtu nyuma na hamu ya kuufikia mpira kabla ya mwingine. Padogo pako si pakubwa pa mwenzako, na mchezaji anayejua kukikalia kipande chake cha sakafu, magoti yamekunjwa na mgongo umemwegemea mlinzi, ni vigumu kumng'oa hata akiwa mfupi.

Baada ya kukikalia kipande hicho, kazi iliyobaki ni ya miguu. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, alikuwa kipa wa kandanda na mchezaji wa mpira wa mikono kabla ya kuushika mpira wa vikapu akiwa tayari kijana mkubwa, na baadaye akaiongoza timu ya Houston Rockets kutwaa ubingwa wa NBA mwaka 1994 na 1995. Alikuwa mrefu, sikatai, lakini warefu walikuwa wengi. Wengine hawakuwa na miguu ile ya kipa aliyezoea kuhama kulia na kushoto kabla ya mpira kufika. Nikiwatazama watoto wa Kondele na Manyatta wanavyokipiga chenga kipira cha makaratasi katikati ya bodaboda, huwa najiuliza kwa nini tukiwaleta kwenye vikapu tunawafunza mikono tu.

Hatua ya kwanza ninayowafunza ni hii: ukiwa umekipa kikapu mgongo, sikiliza kwa mwili wako mlinzi ameegemea upande gani. Akiegemea bega lako la kulia, peleka mguu wa kushoto nyuma ya mguu wake, geuka, na utajikuta uso kwa uso na ubao naye akiwa mgongoni pako. Hakuna kuruka, hakuna nguvu. Mlinzi akishakujua na kuanza kukuwahi, mwonyeshe mpira kama anayetaka kurusha, mwache aruke, kisha pita chini ya mikono yake na kurusha, ila mguu wa egemeo, ule unaozungukia ukiwa sakafuni, ukishainuka usirudi chini, kwa sababu ukirudi kabla mpira haujaachiwa mkononi refa atapuliza kwamba umetembea na mpira. Mienendo hii miwili ikiiva vizuri, kwa mkono wa kulia na wa kushoto, inamtosha mchezaji wa shule ya sekondari hadi amalize masomo. Nimeona makocha wakifunza mienendo kumi na isiive hata mmoja.

Mkono wa kushoto ndio ugonjwa wetu. Mchezaji aliyeko upande wa kushoto wa kikapu akirusha kwa mkono wa kulia, anaupitisha mpira mbele ya mlinzi na kumwomba aupangue. Dawa yake ni ya zamani na haina gharama. George Mikan alipofika Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, miaka ya 1940, alikuwa jitu la miwani minene lisilo na wepesi, na kocha Ray Meyer akamfanya aruke kamba, akamfunza ngumi, hata akampeleka akajifunze dansi. Mazoezi yanayoitwa kwa jina lake hadi leo ni mchezaji kusimama chini ya ubao, akatupia mpira kulia kwa mkono wa kulia, akaudaka kabla haujagusa chini, akatupia kushoto kwa mkono wa kushoto, na kuendelea hivyo bila kuushusha mpira chini ya mabega. Sharti hilo la mwisho ndilo ninalolisimamia kwa ukali, kwa sababu senta wetu, yaani mchezaji wa chini ya kikapu, akishadaka mpira huushusha hadi kiunoni kana kwamba anauonea haya, na walinzi wafupi, ambao kazi yao iko kiunoni, wanamshukuru.

Hata hivyo, mchezaji wa ndani hawezi kujipigia pasi mwenyewe. Hapa ndipo hasira yangu inapowageukia wale wa nje. Pasi ya kuingia ndani ikitoka katikati ya uwanja, moja kwa moja mbele ya kikapu, mlinzi anaiona na kuikata. Ikitoka pembeni, chini ya usawa wa mstari wa mitupo huru, mlinzi analazimika kuchagua upande, na mpokeaji ananyoosha mkono wa upande ulio wazi kuonyesha anapoutaka. Mara nyingi pasi nzuri ni ile ya kudunda, kwa maana mlinzi mrefu huchelewa kuinama. Mlinzi akisimama mbele ya mpokeaji badala ya nyuma, pasi ipite juu ya kichwa chake kuelekea ubaoni, mradi wenzake mpokeaji walioko upande mwingine wa kikapu wamehama na kuwavuta walinzi wao. Kisha aliyepiga pasi asisimame kushangilia kazi yake. Akate kwenda kikapuni mara moja, kwa sababu mlinzi wake atakuwa amegeuza kichwa kuufuata mpira, na pengine pointi rahisi kuliko zote za jioni nzima zitapatikana kwa huyo huyo mfupi aliyetoa akaenda.

Shule nyingi hapa hulinda kwa kujipanga eneo, wawili mbele na watatu nyuma, ili kumfichia mlinzi dhaifu. Timu yetu ikikutana na ukuta huo huogopa na kubaki nje. Mpira upelekwe kwa mchezaji mmoja mtulivu aliyesimama karibu na mstari wa mitupo huru, katikati ya ukuta wenyewe. Akigeuka tu, mmoja wa wale watatu wa nyuma lazima apande kumkabili, na nyuma yake patakuwa na mwenzetu kwenye mstari wa mwisho akisubiri. Mchezaji huyo wa katikati si lazima awe mrefu. Mimi humweka msichana anayejua kuona.

Kuhusu mipira inayorudi nitasema machache. Mtupo ukikosa, mtu wetu wa ndani asiutazame mpira angani kama ndege inayotua. Atafute kwanza mwili wa mlinzi na kuuzunguka. Akiudaka chini ya pete, kanuni za sasa zinaipa timu sekunde 14 mpya za kushambulia, lakini yeye hahitaji hata mbili. Nayo mitupo huru ifanywe mwishoni mwa mazoezi, watu wakiwa hoi, kwa sababu ndivyo watakavyokuwa siku ya mechi.

Limebaki jambo moja ambalo haliko mikononi mwa wachezaji, nalo ni mistari. Katika viwanja kadhaa vya shule nilivyovitembelea kutoka hapa hadi Kakamega, kisanduku kilicho mbele ya kikapu bado kimechorwa kwa umbo la zamani, chembamba juu na kipana chini, umbo ambalo kanuni za kimataifa ziliachana nalo mwaka 2010. Kisanduku cha sasa ni mstatili wenye upana wa mita 4.9 na urefu wa mita 5.8 kutoka mstari wa mwisho. Tofauti hiyo ina madhara. Kwenye mstari wa mwisho kile cha zamani kilikuwa na upana wa mita 6, kwa hiyo mchezaji aliyelelewa nacho husimama zaidi ya nusu mita mbali na mahali ambapo kanuni zinamruhusu. Na kule juu kilikuwa na mita 3.6 tu, kwa hiyo mchezaji huyo huyo akienda mashindanoni atajiona yuko nje kumbe yuko ndani, na refa atamhesabia zile sekunde tatu ambazo mshambuliaji hapaswi kuzipitisha mle ndani, hadi achanganyikiwe. Mbao nazo nyingi hazina tena ule mstatili mdogo wa sentimita 59 kwa 45 juu ya pete, ambao ndio shabaha ya mtupo wa karibu. Tunawaambia watoto wagonge ubao, na ubao wenyewe ni mtupu.

Ningewasihi walimu wakuu na wanaosimamia viwanja vya mitaa wasisubiri bajeti ya kaunti kwa hili. Kopo moja la rangi nyeupe, brashi na utepe wa kupimia vinatosha kwa kazi ya Jumamosi moja asubuhi, kabla upepo haujaanza.

Mwalimu mstaafu,
Kondele, Kisumu