Yah: Malalamiko kuhusu diski na pedi za breki mlizoniuzia

Kwa Meneja,
Duka la Spea za Magari,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Naandika baada ya kuja dukani kwenu mara mbili na kuondoka bila jibu. Tarehe 14 Juni nilinunua kwenu diski mbili za mbele, zile za matobo, na seti moja ya pedi, vyote kwa ajili ya Toyota Mark II GX110 ya mwaka 2002. Nililipa Sh 415,000. Nakala ya risiti ya EFD nimeambatanisha.

Kwanza mjue nilikuja kutafuta nini. Gari hili ndilo linalotupeleka nyumbani Iringa na kuturudisha. Diski zake za zamani zilikuwa zimelika hadi kukaribia kipimo kilichogongwa ubavuni, MIN TH 26 MM, ambacho chini ya hapo diski haitakiwi kutumika tena. Nilimweleza kijana wenu wa kaunta kwamba sitaki tu kubadilisha, nataka breki zenye nguvu kuliko zilizokuwepo, kwa sababu nashuka mlima Kitonga na familia na mizigo. Nikamuuliza wazi: nichukue diski za uso mzima, zenye nafasi ya hewa katikati kama zile za mwanzo, au hizi zilizotobolewa? Akanijibu, “Mzee wangu, chukua za matobo, hazishiki moto. Hizi unafunga unasahau.” Nikamwamini.

Tarehe 20 Julai tulikuwa tunarudi Dar. Mama yangu alikaa mbele, watoto wawili nyuma, na kwenye buti gunia la viazi na ndoo za nyanya tulizonunua Ilula. Tulipoanza kushuka mlima niliweka gia ya 2 kama ninavyofanya siku zote. Baada ya kona chache, tukiwa nyuma ya lori, usukani ukaanza kutetemeka kila nikigusa breki. Ikafuata harufu ya kuungua. Kisha nikakanyaga, pedali ikawa ngumu kama jiwe, na gari halipungui mwendo. Nilishusha gia hadi L, ile ya chini kabisa, injini ikanguruma, tukalikaribia lile lori hata matope yaliyokauka kwenye bampa lake nikayaona. Mama hakusema neno. Alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono yote miwili, na hakuuachia mpaka tulipofika chini na kuegesha. Kutoka pale hadi Ruaha Mbuyuni nilikwenda mwendo wa baiskeli.

Fundi wangu alipotoa matairi nilikuwa nimesimama pale pale. Diski ya kulia ina nyufa nyembamba kama unywele, zinatoka tobo hadi tobo, na tatu zimefika ukingoni. Ukipitisha ukucha juu yake unakwama. Pedi moja imeanza kubanduka kwenye bati lake, kona nzima inapitisha karatasi. Tukapima unene kwa venia, kile kifaa cha kupimia milimita: boksi linasema 28 mm, diski moja ni 26.4, nyingine 26.1. Diski hailiki karibu milimita mbili kwa wiki tano. Zilitoka dukani kwenu zikiwa nyembamba, na ubavuni hazina kipimo chochote kilichogongwa. Hata hayo matobo yamekatwa wima tu, kingo zake ni kali, hazikulainishwa, na nyufa zote zimeanzia hapo.

Kuhusu pedi, boksi limeandikwa FF. Mgongoni mwa pedi zenyewe pamegongwa EE. Herufi ya kwanza ni ushikaji breki zikiwa baridi, ya pili zikiwa na moto. Kwa kipimo cha msuguano, F ni kati ya 0.35 na 0.45, E ni kati ya 0.25 na 0.35, yaani E inashika kidogo kuliko F. Mteja anayesoma boksi hawezi kujua kilichomo ndani, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko fedha.

Nilipokuja mara ya kwanza niliambiwa fundi wangu amefunga vibaya. Si kweli. Habu, pale diski inapokaa, zilisuguliwa kwa brashi ya waya mpaka kutu yote ikatoka, diski zikapimwa kama zinayumba, zikaonyesha 0.03 mm, yaani karibu hakuna, na nati zilikazwa kwa spana ya kipimo. Mafuta ya breki yalikuwa mapya, DOT 4. Isitoshe, yangechemka pedali ingelegea na kuzama. Yangu ilikuwa ngumu. Pedi zenyewe nilizizoesha alfajiri barabara ya Bagamoyo, toka kilomita 50 hadi 10 kwa saa, mara nyingi bila kusimama kabisa. Mara ya pili nikaambiwa warantii haihusu vitu vinavyochakaa. Nakubali pedi huchakaa. Ufa na boksi linalosema uongo si kuchakaa.

Leo najua jibu nililostahili kupewa siku ile. Gari la familia la umri huu linataka diski za uso mzima zenye unene kamili, pedi ambazo herufi zake ni za kweli, na mafuta mapya ya breki. Chuma ndicho kinachobeba joto la mteremko; ukikitoboa na kukipunguza unene, kinabaki kidogo cha kulibeba. Anayetaka zaidi ya hapo atafute diski kubwa pamoja na kalipa zake, zile zinazobana pedi. Kijana wenu hakuwa na nia mbaya, naamini hivyo, lakini hakufundishwa, na bado yuko kaunta anawashauri wengine.

Naomba mnirudishie Sh 415,000 pamoja na Sh 60,000 za ufundi ndani ya siku 14. Naomba pia mzigo huo wa diski na pedi uondolewe rafu leo, na wateja walioununua wapigiwe simu. Namba zao mnazo, yangu mliiandika kwenye daftari. Siku hizo zikipita kimya nitapeleka barua hii Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi.

Diski, pedi na boksi lake viko kwangu. Mkitaka kuviona nitavileta mwenyewe, na fundi wangu atakuja na venia.

Wenu,
Mteja, Mbezi Beach.